Nusu Unywele na Mashine Isiyotaka Nyundo

Ndugu zangu mliokuja kutusindikiza, naomba mkae, na mlio nje juani sogeeni ukutani penye kivuli, kwa sababu maisha ya baba yangu hayasomwi mbiombio, na mwenyewe hakupenda kazi ya mbiombio. Familia imenichagua mimi, mtoto wake wa mwisho, mnayenijua kwa jina la Mashoto, nisome habari zake, nami nimekubali kwa sharti kwamba nitasoma kama nilivyoandika mwenyewe, na atakayeona nimemsema anitafute baada ya mazishi.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa fundi bati aliyetengeneza ndoo na vibatari, na mama aliyeviuza hivyo vibatari mlango kwa mlango. Wa kwanza ni Baba Mkubwa, aliyekaa pale mbele amevaa miwani, na ninamwomba asijifanye hasikii vizuri, maana jina lake litatajwa sana leo.

Mwezi Januari 1959 alianza masomo katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya soko, akamaliza Desemba 1965, akipata alama nzuri za hesabu na alama za aibu za kuimba, na hilo la kuimba tulioishi naye tunaweza kulithibitisha. Hakuendelea na shule kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, akabaki nyumbani akimsaidia baba yake kukata mabati, mpaka tarehe 3 Februari 1968 alipoajiriwa katika kiwanda cha nguo, kwenye karakana ya matengenezo, kazi yake ya kwanza ikiwa kufagia chenga za chuma chini ya mashine za watu wengine. Kutoka kwenye ufagio alipanda hadi mashine ya kukereza, na kutoka hapo hadi ile mashine kubwa ya kuchonga gea, na ni hapo alipopata jina la Nusu Unywele, kwa sababu kila msimamizi alipomuuliza kimebaki kiasi gani, alijibu kwamba imebaki nusu unywele, hata kama kipande chenyewe ndiyo kwanza kimefungwa mezani.

Katika kiwanda hichohicho alimpata mama yetu, aliyekuwa mfumaji katika ukumbi wa pili, na mtambo wake ulikuwa ukiharibika mara kwa mara kuliko mitambo yote, na marehemu ndiye aliyekuwa akiitwa kuutengeneza, na mpaka leo haijulikani nani alikuwa akiuharibu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Novemba 1976, wakajaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa aliyezaliwa mwaka 1978 ambaye ni dereva wa malori, dada yetu aliyezaliwa mwaka 1981 ambaye ni muuguzi, na mimi niliyezaliwa tarehe 9 Agosti 1984, nikiwa na mkono wa kulia ambao vidole vyake vilijikunja tangu tumboni na havijawahi kunyooka wala kushika kitu kwa nguvu.

Kiwanda kilifungwa tarehe 30 Juni 1992, na ilipofika Septemba mwaka huo marehemu na Baba Mkubwa walikuwa wameshafungua karakana yao nyuma ya nyumba yetu, chumba kirefu chenye paa la mabati, madirisha upande mmoja, mashine ya kukereza, mashine ya kutoboa na jiwe la kunolea. Humo ndimo nilimokulia. Dada alipenda vitabu, kaka alipenda barabara, mimi nilipenda harufu ya mafuta ya kukatia chuma yanapopata moto, na marehemu aliliona hilo mapema wala hakunifukuza, isipokuwa aliniamuru nifunge nywele.

Mwaka 2002, nilipomaliza sekondari, niliomba nafasi katika chuo cha ufundi. Mwalimu aliyenisaili alikuwa mtu mwema, ninasema hivyo kwa moyo mweupe, alinipeleka kwenye mashine ya kuchonga, akanikabidhi spana na nyundo, akaniomba nitoe kisu kilichomo na kuweka kingine, nami nilijaribu kila namna, nikashika spana kwa kushoto na kubana nyundo kwapani, hadi yeye mwenyewe akaniambia basi, mwanangu, inatosha, kazi hii inataka mikono miwili, nikuandikie kozi ya uhasibu. Nilirudi nyumbani nimevimba macho.

Kikao cha familia kilikaa sebuleni, na Shangazi, binamu yake marehemu, ambaye namsalimu kwa heshima zote pale alipo, alishauri kwamba mtoto wa kike mwenye mkono mmoja aachane na vyuma, afundishwe kushona, ushauri uliotolewa kwa upendo, ila Shangazi yangu, kushona nako kunataka mikono miwili. Wengine walisema uhasibu si mbaya. Marehemu alikuwa akinywa chai yake, na kikombe kilipoisha alisema maneno ambayo Mama anayakumbuka neno kwa neno, akasema, "Mtoto nimeshampata, huyu ndiye, itakayobadilika ni mashine." Kisha akaenda kulala, na kikao kikawa kimekwisha.

Hapa watu wa karakana mnivumilie niwaeleze wasiojua. Mashine ndogo ya kuchonga chuma ina mhimili unaozunguka, na chini ya mhimili huo kuna mdomo, na mdomoni ndimo kinamokaa kishikio kilichobeba kisu. Mdomo huo hautobolewi tu wima, unachongwa kwa umbo la koni, mpana kwa chini na mwembamba kwa juu, ili kishikio chenye umbo hilohilo kikivutwa juu kikae katikati bila kuyumba. Ukikosea koni umekosea mashine nzima, kwa sababu kila kisu utakachonunua au kukitengeneza maishani mwako kitalazimika kufuata mdomo uliouchagua. Baba alikuwa anataka kuunda mashine yake mwenyewe, na swali lililomkalisha karibu miaka minne lilikuwa hilo, mdomo uwe wa namna gani, na nani atautumia.

Baba Mkubwa alikuwa na jibu tayari, alitaka koni nyembamba ndefu, ileile iliyokuwa kwenye mashine yao ya kukereza na ya kutoboa, kwa sababu vishikio walikuwa navyo droo nzima na muuza vyuma chakavu alikuwa na vingine, na kwa haki yake lilikuwa wazo la mtu mwenye akili. Koni nyembamba inajibana yenyewe, kama kizibo kilichosukumwa chupani, na marehemu alikubali, wakaitengeneza, na miezi ya mwanzo mwaka 2003 ilikata vizuri hata wakaanza kupokea kazi za watu.

Sasa lilitokea kosa ambalo ni la mafundi peke yao. Ijumaa moja walichonga chuma kigumu kutwa nzima, mhimili ukapata joto, na katikati ya joto hilo marehemu akabadilisha kisu, akaingiza kishikio cha baridi katika mdomo wa moto, akakikaza, wakamaliza, wakafunga mlango, wakaenda zao. Mhimili ulipopoa ulisinyaa ukakibana kishikio, na Jumatatu hakuna aliyeweza kukitoa. Marehemu akaniita, akanipa nyundo, akasema, haya, fundi, hii ndiyo mashine yako, kitoe. Nikapiga kwa mkono wa kushoto, hakuna wa kushikilia spana, nyundo ikateleza ikagonga meza. Akapiga yeye. Akapiga Baba Mkubwa. Kilitoka, lakini beringi za mhimili ziliumia kwa zile nyundo, na tangu siku hiyo mashine ilikuwa inanguruma kama mtu mwenye mafua.

Marehemu alizima umeme, akakaa juu ya ndoo, akaiangalia nyundo, akauangalia mkono wangu, na nilimwona usoni kwamba ameelewa, kwamba alikuwa amenijengea mashine ileile ya chuoni, ila ndogo zaidi. Alichukua spana akaanza kuivunjavunja yote, na Baba Mkubwa akafoka kwamba mashine mpya haivunjwi kwa sababu ya kishikio kimoja kilichonasa, na marehemu akajibu kwamba haivunji kwa sababu ya kishikio. Kuanzia hapo ndugu hawa wawili waliacha kusemezana, wakawa wanafanya kazi kwenye chumba kimoja na kupeana habari kupitia kwa Mama, shemeji mwambie mumeo anipishe, mke wangu mwambie shemeji yako amekalia rula yangu, na Mama mwenyewe alikuwa jikoni, akipokea ujumbe dirishani.

Ndipo ikawekwa ile sheria ya karakana ambayo wanafunzi wetu wote wameshaikariri, kwamba kisu hakilali mdomoni, jioni kila kishikio kitolewe, kifutwe, kirudi ubaoni.

Njia ya pili aliyoijaribu ilikuwa kuacha vishikio kabisa na kuweka koleti moja kwa moja kwenye ncha ya mhimili, yaani kile kikombe kilichopasuliwa pande zote ambacho kikikazwa kwa nati kinabana shina la kisu. Ilikuwa nyepesi kutengeneza na ilichonga safi, lakini nati yake ilitaka spana mbili kwa pamoja, moja ya kuzuia mhimili na moja ya kukaza, maana yake mikono miwili tena, na nilipojaribu kuikaza kwa mmoja haikukaza vya kutosha, kisu kikashuka taratibu katikati ya kazi na kuharibu bamba la mteja. Marehemu aliomba radhi kwa mteja, akatengeneza bamba jingine, akaing'oa na hiyo koleti.

Ya tatu ndiyo iliyomgharimu usingizi hadi akawa anasinzia mezani. Aliikumbuka ile mashine kubwa ya kiwandani, ambayo mdomo wake ulikuwa wa koni fupi iliyopanuka sana, koni ambayo haijibani yenyewe hata kidogo, inashikiliwa na fimbo inayopita ndani ya mhimili na kuvuta kishikio kutoka juu, na fimbo ikiachia tu, kishikio hakina sababu ya kubaki. Watu huona huo ni udhaifu wake, marehemu akaona ndio uzuri wake. Akawaza kwamba fimbo hiyo ivutwe na springi badala ya spana, na springi zikandamizwe kwa kanyagio la mguu, ili mtu akikanyaga, kishikio kidondoke mkononi, akiingiza kingine na kuinua mguu, springi zikivute zenyewe, mkono mmoja, mguu mmoja, basi.

Alitafuta kwa muuza vyuma chakavu mpaka akapata kishikio kimoja cha aina hiyo, kizima, akakifanya kipimo chake. Alikuwa akikipaka rangi ya buluu nyembamba sana, anakiingiza katika mdomo aliouchonga, anakizungusha kidogo, anakitoa, na pale buluu ilipofutika ndipo vyuma viligusana, na pale ilipobaki ndipo bado. Mwanzoni ilifutika juu tu, kisha chini tu, anasaga, anapaka, anasaga. Buluu ilikaa kwenye vikombe vyetu, kwenye mapazia, kwenye shavu la mjukuu wake wa kwanza, kwenye shuka za Mama ambaye siku moja alitangaza kwamba ama koni ama yeye, na marehemu akamsihi avumilie, imebaki nusu unywele. Mama alicheka bila kupenda, na mkiwatafuta walioijenga ile mashine, Mama ni mmojawapo.

Springi zilikuwa washa za chuma zenye umbo la visahani, na kwa mara ya kwanza alizipanga zote zikiangalia upande mmoja, zikawa ngumu kama ukuta, nikakanyaga, hakuna, akakanyaga, hakuna, na Baba Mkubwa, ambaye alikuwa hasemi na mtu lakini masikio yake yalikuwa hukuhuku, aliinuka kimyakimya, akapanda juu ya kanyagio kwa miguu yote miwili, na uzito wake mnauona wenyewe, halikushuka. Akashuka yeye, akasema kwa mdomo wake, bila kupitia jikoni, "Zigeuze, mdogo wangu, moja itazame juu, nyingine chini." Marehemu akazigeuza, kanyagio likashuka kama mlango uliotiwa mafuta, na ndugu wakawa wamepatana, ingawa Baba Mkubwa aliongeza kwamba hata hii siku moja itanasa tu, chuma ni chuma.

Tarehe 17 Juni 2006, Jumamosi asubuhi, nilikanyaga kwa mguu wa kulia, nikapokea kishikio kwa mkono wa kushoto, nikakiweka ubaoni, nikachukua kingine, nikakiingiza, nikainua mguu, nikawasha. Nilichonga njia ya ufunguo kwenye shafti, ule mfereji mdogo wa kuzuia gea isizunguke peke yake, kazi ndogo tu, nikalia nikiwa nachonga, na marehemu alisema nisidondoshe machozi mezani, chuma kitashika kutu. Tangu siku hiyo nimekula, nimejenga na nimesomesha wanangu kwa mashine ile, na wanafunzi waliopita mikononi mwangu wapo hapa, wengine ndio walioshika jeneza.

Mwezi Mei 2021 marehemu alianza kuchoka akipanda ngazi, miguu ikavimba, na hospitali wakatueleza kwamba moyo umepanuka na unafanya kazi kwa shida, wakamkataza kubeba vitu vizito, naye alitii kwa kadiri alivyojua yeye kutii, yaani aliacha kubeba na kuanza kuburuta. Jumanne tarehe 8 Agosti 2023, mchana, nikiwa nimekwenda kununua vyuma, alikuwa kwenye mashine akichonga gea ya mashine ya kusaga unga, ndipo kifua kikambana. Alizima mashine mwenyewe, akakaa juu ya ndoo, akamwita Mama. Alilazwa siku hiyohiyo, na dada yetu hakumwacha hata kidogo.

Alhamisi jioni, nilipokuwa nimekaa naye, alifumbua macho akasema, "Mashoto, nimeacha kisu mdomoni." Nikamwambia hayo tuyaache. Akasema mhimili ulikuwa wa moto, alikuwa ametoka kubadilisha kisu wakati huohuo, kishikio kiliingia cha baridi. Nikaelewa kinachomsumbua. Kwa sababu ya sheria yake mwenyewe, kwa miaka yote ile koni yake haikuwahi kulala na kisu hata mara moja, na kwa hiyo hakuwahi kujua kama Baba Mkubwa alisema kweli, kama siku moja itanasa nami nibaki nimesimama na nyundo ambayo siwezi kuipiga, naye hayupo. Akaniambia, "Nenda ukakitoe, halafu uje uniambie ukweli." Nikamwahidi.

Ijumaa tarehe 11 Agosti asubuhi nilipitia karakana kwanza. Nikatoka huko nikaelekea hospitali, na mlangoni nikakutana na dada, akanishika bega, akaniambia Baba amepumzika alfajiri, akiwa usingizini. Amefariki akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, ameacha mjane, kaka, watoto watatu na wajukuu watano. Ile gea niliimalizia Jumamosi, mwenye gea yuko hapa na mashine yake inasaga, kwa maana marehemu asingekubali kuzikwa na kazi ya mtu mezani.

Kwa niaba ya familia ninawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania moyo wake kwa miaka miwili na kuvumilia ubishi wake, ninawashukuru majirani waliotukubalia kelele zetu miaka yote na siku hizi nne wametupikia na kutufulia, ninawashukuru mafundi wenzake wa kiwandani waliotoka mbali, wengine kwa mikongojo, ninamshukuru Shangazi aliyelala na Mama, na Baba Mkubwa, ambaye tangu Ijumaa amekaa karakana juu ya ile ndoo.

Baba Mkubwa, na wewe usikilize hili, maana lilikuwa ni lenu wawili. Baba, ulinituma nami nilikuja na jibu, nikakuta umetangulia, basi ninakujibu hapa mbele za watu. Kisu kilikuwa kimelala tangu Jumanne, mhimili umepoa kabisa. Nilitandaza mkono wa kushoto chini ya mdomo, nikakanyaga mara moja, kikashuka, kiko baridi, kikatulia kiganjani kwangu. Nimekifuta, nimekirudisha ubaoni, mdomo ni mtupu. Sikupiga nyundo, Baba. Pumzika.